Chungu chako cha kwanza kisipasuke: kufinyanga kwa mkono na kuchoma kwa kuni, toka Kigoma

Mwakeye wakuu. Mara ya kwanza nachoma vyungu nilikuwa navyo 14, vilivyotoka vizima ni 3, na kati ya hivyo 3 kimoja kilikuwa kinavuja kama chekeche. Vingine vilipasukia motoni pu! pu! pu! mpaka watoto wa jirani wakakimbia wakidhani ni fataki, na bibi aliyekuwa ananifundisha, bibi mmoja wa huku njia ya Uvinza, alikuwa amekaa pembeni kwenye kigoda anamenya mihogo wala hakushtuka, akasema tu "si nilikwambia bado havijakauka mjukuu wangu". Na kweli alikuwa ameniambia. Mi nilikuwa na haraka zangu za mjini.

Kwaiyo huu mwongozo ni wa mtu mwenye haraka kama zangu. Video nyingi unazokutana nazo zinakuonyesha gurudumu la umeme na tanuri la umeme, jamaa anakaa anazungusha dakika mbili chungu hicho, alafu we uko Mwandiga au Kasulu umeme wenyewe unaondoka bila kuaga, utavitoa wapi. Wala huvihitaji. Gurudumu la mfinyanzi limeanza huko Mesopotamia, Iraki ya leo, miaka zaidi ya 5,000 iliyopita, lakini vyungu ni vya zamani kuliko gurudumu mbali kabisa: vigae (vipande vya vyungu vilivyovunjika) vya pango la Xianrendong kule China vina karibu miaka 20,000, na hapa kwetu Afrika kuna vigae vya Ounjougou nchini Mali vimepita miaka 11,000. Wote hao ni mikono na moto wa kuni. Na mpaka leo akina mama wa Kikisi kule Kyela, ufukweni mwa ziwa Nyasa, wanafinyanga kwa mikono na kazi yao inauzwa mbali.

Kabla ya yote, majira. Anza Mei au Juni mvua zikishakata, maliza kabla ya Oktoba. Ukijifanya mjanja ukafinyanga Januari udongo utaupata bure shambani ndio, ila kukausha utalia, na kuni mbichi zitakumaliza na moshi.

Hatua ya 1: kutafuta udongo

Angalia sehemu ambazo maji yanatuama, mabondeni, kingo za mito, yale maeneo ya mpunga kama bonde la Luiche, maana mpunga wenyewe unapenda ardhi isiyopitisha maji na ardhi isiyopitisha maji kazi yake ni hiyo ya mfinyanzi. Toa ule udongo wa juu wenye mizizi, chimba kama futi moja au mbili mpaka ufike tabaka lenye rangi moja, kijivu, njano, ata jeusi, rangi isikutishe kwasababu ikishapita motoni inabadilika yote. Na omba ruhusa ya mwenye eneo, pia usichimbe kwa kuingia ndani ya ukingo kama panya, ukingo unabomoka na watu wamefukiwa hivohivo.

Sasa kuupima. Lowesha kidogo, viringisha mkononi upate kamba nene kama kidole kidogo, izungushe kwenye kidole chako cha shahada kama pete. Ikikatika katika haina mvuto, mchanga umezidi. Ikizunguka vizuri ina nyufa ndogondogo tu uko pazuri. Ikizunguka laini kabisa kama bigijii, huo una mafuta mno, utakupendeza kufinyanga alafu utapasuka ukikauka, huo dawa yake iko hatua ya 3.

Kipimo cha pili ndo watu wengi wanaruka na ndo kinachoumiza. Tengeneza kipande kama rula, chora alama mbili zenye umbali wa sentimita 10 kamili, kiache kikauke kabisa kivulini alafu pima tena. Zikiwa zimebaki 9.5 udongo umesinyaa asilimia 5, mzuri sana. Zikibaki 9 au chini ya hapo ujue unasinyaa kupita kiasi. Udongo unasinyaa kwasababu maji yaliyokuwa katikati ya chembe yameondoka chembe zikasogeleana, sasa chungu ambacho mdomo umesinyaa na kitako bado hakijasinyaa kitafanya nini kama sio kujichana chenyewe.

Ukiona vijiwe vyeupe ndani ya udongo kamulia ndimu. Vikitoa povu ni vya chokaa, vitoe vyote au hama hapo, maana vikichomwa vinageuka chokaa mbichi, alafu wiki kadhaa baadae vinakunywa unyevu wa hewani vinavimba, na chungu chako kizuri kimekaa kabatini kinaanza kujibandua vipande, unabaki unajiuliza nani kakigonga.

Hatua ya 2: kuusafisha

Anika mpaka ukauke kau, upondeponde, alafu umwage kwenye ndoo ya maji. Hapo kuna kitu cha ajabu kidogo, udongo mkavu ukiutia majini unayeyuka wenyewe ndani ya muda mfupi, ila bonge bichi ukilitia majini litakaa hapo ata siku tatu bado ni bonge. Kwaiyo usione kukausha ni kupoteza muda. Koroga, chuja kwa wavu wa dirisha au chandarua kilichochakaa (kilichochakaa, sio kipya, tumeshaharibu vya kutosha kwa kuvulia dagaa), acha utulie mpaka kesho, mwaga maji ya juu, tope la chini mimina kwenye kitambaa ulichokitandika juu ya mchanga. Ukifikia hali ya unga wa chapati ufunge kwenye nailoni uuweke kivulini wiki mbili. Utaanza kunuka kama bwawa, ni sawa, ukikaa hivo unazidi kuvutika.

Hatua ya 3: vigae

Hapa nikae kidogo maana hapa ndo pana kazi yote.

Udongo mtupu haufai kwa chungu cha moto wa wazi, lazima uuchanganye na kitu kisichosinyaa. Unachukua vyungu vilivyovunjika, vigae, unavitwanga mpaka viwe kama chengachenga za mahindi ya kande lililosagika, unachekecha kwa wavu wa dirisha, unachanganya kopo moja la vigae kwa makopo manne ya udongo. Ule wenye mafuta mno weka moja kwa tatu. Usitumie kinu cha kisamvu, mtagombana nyumbani. Kama huna vigae tofali la kuchoma lililo laini linafaa.

Kazi yake ni mbili. Kwanza vinapunguza kusinyaa, kwasababu vyenyewe vilishasinyaa zamani, vilishachomwa. Pili vinafungua vinjia vidogo ambapo mvuke unatokea wakati wa kuchoma badala ya kunaswa ndani. Watu wengine wanatia mchanga na inafanya kazi, ila mchanga ule mweupe unaong'aa kama kioo una tabia yake, ukifika digrii 573 unavimba ghafla na ukipoa unarudi ghafla, kwaiyo ukizidisha chungu kinapata nyufa za nywele. Kigae hakina hayo matata. Na mchanga wa ufukweni kwetu hapa ziwani chembe zake zimesuguliwa na mawimbi zikawa mviringo, hazishiki sana.

Vile 11 vilivyonipasukia mara ya kwanza nilivitwanga vyote. Viko ndani ya vyungu nilivyonavyo sasa.

Na hivi vigae ndo historia yenyewe ya huku kwetu, tena sisi tunavikanyaga tu. Mti unaoza, ngozi inaoza, chuma kinaliwa na kutu, ila udongo ukishachomwa haurudi tena kuwa udongo, unakaa ardhini miaka na miaka. Mwaka 1967 wanaakiolojia John Sutton na Andrew Roberts walichimba pale Uvinza kwenye chemchemi za maji ya chumvi, wakakuta kazi ya chumvi pale ilishaanza karne ya 5 au ya 6, yaani kabla ya Ujiji kuwa Ujiji kabisa. Watu walikuwa wanachota maji ya chumvi wanachemsha kwenye vyungu mpaka maji yaishe ibaki chumvi, na chumvi hiyo ikasambazwa mpaka ng'ambo ya ziwa Tanganyika. Hebu fikiria vyungu vingapi vilipasuka pale. Chumvi ni kitu kibaya sana kwa chungu, inaingia kwenye vitundu inaganda inakisukuma toka ndani, kwaiyo pale bila mfinyanzi wa karibu hakuna chumvi. Mtu anasifia chumvi ya Uvinza mi nawaza yule aliyekuwa anafinyanga.

Hatua ya 4: kukanda

Kanda kama unga wa chapati za shughuli ya watu 100. Kata bonge katikati kwa waya, angalia ndani, ukiona vitundu vya hewa endelea. Watu wanasema hewa ndo inapasua chungu, sio kweli sana, kinachopasua ni maji yanayogeuka mvuke, ila hewa inaacha sehemu nyembamba na bonge linakuwa halilingani ugumu kwaiyo kanda tu.

Hatua ya 5: kufinyanga

Chungu cha kwanza kiwe cha lita moja au mbili. Usianze na mtungi wa ndoo nzima.

Tafuta kitako cha chungu kilichovunjika, kile cha duara, kitie majivu ndani udongo usigande, hilo ndo gurudumu lako. Unakaa nacho mbele yako unakizungusha taratibu kwa mkono, au kama bibi yangu, yeye hakizungushi, anazunguka mwenyewe kinyumenyume ameinama mgongo umenyooka kama meza, ana miaka sabini na kitu mi nikijaribu dakika tano kiuno kinaniita.

Chukua donge la ukubwa wa chungwa kubwa, libonyeze ndani ya kile kitako mpaka lienee, unene kama kidole kidogo. Alafu viringisha kamba za udongo nene kama kidole gumba. Ukingo wa kitako uchanechane na mti, upake tope jepesi, weka kamba ya kwanza kwa ndani ya ukingo, na kila unapoiweka uivute chini kwa dole gumba ndani na nje mpaka usione tena ni wapi kamba inaishia na wapi kitako kinaanza. Usipoiunganisha vizuri chungu kitakuachia hapohapo baadae, mduara mzima unatoka kama kofia. Weka kamba tatu, simama. Funika na kitambaa kibichi nenda kale. Rudi baada ya saa moja mbili ukuta umekaza kidogo endelea, ukilazimisha zote kwa mkupuo chungu kinakaa chini kama mtu aliyechoka.

Kulainisha tumia gunzi la mahindi kwa nje, unalizungusha linakula vinundu, alafu kipande cha kibuyu kwa ndani, kibuyu kina ule mpindo tayari kama kimetengenezwa kwa ajili hiyo. Mkono wa ndani na wa nje viwe vinaongea, huu unasukuma huu unapokea, ndo tumbo la chungu linatoka. Mdomo malizia na jani bichi au kipande cha ngozi kilicholowa.

Kuna watu wananiuliza mbona vyungu vya asili havikai mezani, kitako duara. Kwanza vilitengenezwa kukaa kwenye mafiga sio meza, na mafiga matatu na kitako duara havina kuyumba. Pili pembe ni adui wa moto: pale ukuta unapokutana na kitako bapa joto linavuta huku na huku nyufa zinaanzia hapohapo. Kama unataka cha mezani sawa, ila usikipikie.

Hatua ya 6: mapambo

Subiri kiwe kigumu kama sabuni ya kipande, ukikibonyeza na kidole hakiingii ila ukucha unachora. Hapo unaweza kupamba, na sio urembo tu, chungu kilichokwaruzwa begani hakikuponyoki kikiwa na maji. Njia ya huku maziwa makuu ni kamba ya nyasi iliyosokotwa, unaiviringisha kwa kiganja kuzunguka bega la chungu inaacha alama kama punje zilizopangwa. Njia hiyo imeenea ukanda huu karibu miaka elfu moja tu iliyopita. Kabla yake kulikuwa na vyungu vya Urewe, jina la sehemu moja huko Kenya upande wa ziwa Victoria, vyenyewe vilianza kama miaka 2,500 iliyopita wakati wa wafua chuma wa mwanzo, vina mistari iliyochorwa kwa mti na vingi vina kibonyeo kitakoni kama mtu kakandamiza dole gumba. Kwaiyo mchimbaji akiokota kipande ukubwa wa kiganja tayari anajua ni cha zamani zipi, kamba au mistari. Sasa we weka alama yako, utajua mwenyewe.

Sehemu zisizo na mapambo sugua kwa kijiwe laini, nenda Kibirizi au Bangwe ufukweni okota, vimejaa. Sugua mpaka king'ae. Hiyo inabana chembe za juu maji yanapita kidogo.

Hatua ya 7: kukausha, na hapa nawaomba

Kivulini. Ndani ya nyumba au chini ya mwembe mzito pasipo na upepo. Siku tatu za kwanza mdomo uzungushie nailoni maana mdomo ni mwembamba unakimbilia kukauka kabla ya tumbo. Mdomo ukishakaza kigeuze kiangalie chini, kitako nacho kipate hewa. Wiki mbili kwa chungu cha lita mbili, mtungi mkubwa wiki tatu mpaka nne. Mi nilianika siku nne juani nikaona vimekuwa vyeupe nikasema tayari, na nje vilikuwa tayari kweli, ndani ya ukuta bado.

Bibi anapima kwa shavu. Anakiweka chungu shavuni asubuhi kama mtu anayempima mtoto homa, kikiwa cha baridi bado kina maji, maana maji yanayotoka yanachukua joto. Kikiwa sawa na mti au ukuta wa chumba, tayari. Hicho ndo kipimo, hakuna kingine mi nakiamini.

Hatua ya 8: kuchoma

Siku isiyo na upepo. Fyeka na ufagie mita kama tano kuzunguka, weka ndoo za maji na mtu wa kukusaidia, na toa taarifa kwa uongozi wa kijiji maana kiangazi cha huku moto ukiingia porini hauna breki.

Ata kikiwa kikavu shavuni bado kuna unyevu, kwaiyo kwanza unavipasha. Panga vyungu kuzunguka moto mdogo, umbali wa hatua moja, unavigeuza geuza, unavisogeza kidogokidogo kwa saa mbili tatu mpaka viwe vya moto kiasi cha kutoshikika kwa mkono mtupu. Ukivuka digrii 100 taratibu mvuke unatoka kwa adabu. Ukivuka kwa pupa, fataki.

Alafu tandika kuni kavu chini, panga vyungu midomo chini juu yake, pembeni simamisha kuni nyembamba, funika juu na nyasi kavu, magome, kinyesi cha ng'ombe kilichokauka kama unacho. Sisi wa Kigoma tuna makuti na maganda ya chikichi, yanawaka vizuri sana kwa ajili ya ile mafuta iliyobaki. Okota kuni zilizoanguka, usikate mti kwa ajili ya vyungu vitatu. Washa upande upepo unaotoka, moto utambae wenyewe. Kati ya digrii 450 na 600 hivi yale maji yaliyojificha ndani ya udongo wenyewe yanatoka na hapo ndo udongo unaacha kuwa udongo, ukiuloweka haurudi tena tope. Moto wa wazi kama huu unafika kati ya 600 na 900. Jioni ndo nzuri kuchoma kwasababu unaona rangi: chungu kikianza kuwa chekundu kama kaa lililofifia umefika, kishikilie hapo kwa kuongeza nyasi kama nusu saa.

Baada ya hapo usiguse. Usimwagie maji, usichokonoe, nenda kalale. Fukua asubuhi majivu yakiwa vuguvugu. Utaona mabaka meusi, hayo ni sehemu moshi ulikaa hewa ikakosa, sio kasoro. Gonga kwa kucha: kikilia kama kengele kizima, kikisema bu kina ufa ata kama huuoni.

Hatua ya 9: kabla ya kupikia

Kijaze uji mwepesi wa mahindi au muhogo, weka moto mdogo uchemke taratibu saa moja, uache upoe humohumo usiku mzima, kesho mwaga uoshe kwa maji bila sabuni. Wanga unaziba vitundu. Alafu maharage na mawese, moto wa kaa, usiweke chungu kikavu motoni wala usimwage maji baridi kwenye chungu cha moto. Jiko la gesi linaunguza sehemu moja tu, mi sishauri. Na wanaotaka kukipaka rangi ya mafuta king'ae, kwa maua sawa, kwa chakula hapana.

Mtungi wa maji ya kunywa usiupe uji. Ule tunataka uvuje kwa jasho, maji yanapenya yanafika nje yanakauka na kuchukua joto la yaliyobaki, ndo ubaridi wenyewe. Ukiuziba umetengeneza ndoo nzito tu.

Kile changu kilichokuwa kinavuja kama chekeche nimepandia pilipili mbuzi, ata kutoboa sikutoboa.